Mama anaenda Heathrow (uwanja wa ndege wa London) peke yake, hajui Kiingereza, tupo Moshi: apitie wapi?

binti_wa_Kibosho:

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo hasa nyie mliowahi kusafirisha wazazi kwenda Ulaya maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake na mama mwenyewe keshaanza kuogopa.

Iko hivi, dada yetu mkubwa anaishi London na anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama viza ya kutembelea keshapata. Mama ana miaka 67, akili yake iko vizuri kabisa na Kiswahili anasoma bila shida, ila Kiingereza hajui zaidi ya salamu na ndege hajawahi kupanda hata ya kwenda Dar. Goti moja linamsumbua, kwenye tambarare anatembea sawa ila ngazi ndo kazi. Wa kumsindikiza mpaka kule hakuna, nauli ya watu wawili hatuiwezi na viza sisi wengine hatuna.

Wakala wa tiketi hapa mjini katupa njia tatu, KIA (uwanja wetu wa Kilimanjaro) kwenda Addis Ababa halafu London, KIA kwenda Doha halafu London, na KIA kwenda Nairobi halafu London, bei hazijaachana sana. Mjomba wetu yuko Kitengela, yeye anasema tusahau KIA tumpeleke mama kwa barabara mpaka kwake, alale, kesho yake apande ndege moja tu kutoka Nairobi mpaka London. Sasa juzi mtu mwingine kanisani kaja kumwambia mama kwamba Heathrow ni kubwa mno, ina majengo mengi yasiyoonana, mtu anaweza kutokea jengo moja na ndugu zake wanamsubiri jingine mpaka usiku. Tangu siku hiyo mama anasema bora tuahirishe na mimi usingizi sina.

Kwa hiyo naomba kujua, njia ipi ni rahisi kwa mtu kama yeye, na pale Heathrow akishuka anapita wapi na wapi mpaka amwone dada. Na kama kuna mtu keshampeleka mzazi wa aina hii aniambie ukweli.

KakaNjiro:

Pole dada, ila mama atafika, tena vizuri. Nimesoma London na Heathrow nimekuwa nikienda kupokea watu mara kwa mara, wengine wazee kuliko mama yako na Kiingereza hawana kabisa.

Tuanze na huo ukubwa unaowatisha. Ni kweli uwanja ni mkubwa, mwaka 2024 ulipitisha abiria karibu milioni 84, lakini abiria mmoja haupitii wote, anapita kipande chake tu. Majengo yanayofanya kazi ni manne, namba 2, 3, 4 na 5. Namba 1 lilifungwa 2015 ndo maana hesabu inaanzia mbili. La 2 na la 3 yako katikati ya uwanja, ni majirani, mtu anatoka moja anaenda jingine kwa mguu kwa njia ya chini. La 4 limekaa peke yake upande wa kusini na la 5 liko magharibi, hayo huwezi kwenda kwa mguu, unapanda treni, na treni ya kutoka jengo moja kwenda jingine hapo uwanjani hulipi. Kwa hiyo hata dada yako akikosea jengo anapanda treni anamfuata mama, haina haja ya mtu kulala hapo. Shida ni kwamba mama atasimama peke yake muda wote huo na moyo unamdunda, na hilo ndo la kuzuia mapema.

Kinachoamua jengo ni kampuni ya ndege, siyo nchi uliyotoka. Ethiopian wanatua namba 2. Kenya Airways wanatua namba 4, KLM nao namba 4. Mkishakata tiketi hilo namba la jengo limeandikwa humo humo, mpigieni picha mumtumie dada, na siku yenyewe aangalie tena kwenye tovuti ya uwanja maana kampuni huwa zinahamishwa, hilo la 4 lenyewe lilifungwa kabisa wakati wa korona kuanzia Mei 2020 likaja kufunguliwa Juni 2022 na muda huo kampuni zake zilikuwa zinatumia majengo mengine.

Sasa akishuka. Abiria anayefika hana mambo ya kuchagua chagua, anatoka kwenye ndege anafuata wenzake kwenye korido, anafika uhamiaji anapanga foleni, anagongewa pasipoti, anashuka kwenye mizigo anachukua begi lake, anapita forodha, mlango unafunguka anakuta watu wamesimama na vibao. Njia panda ya maana ni moja tu, kuna mabango ya rangi ya zambarau, yale ni ya wanaounganisha ndege nyingine. Mwambie mama zambarau asifuate. Hapo umemaliza Heathrow.

Ila kuna kutembea. Jengo la 2 lina kipande cha pembeni kinaitwa 2B, ndege ikipaki huko unakuja jengo kuu kwa njia ya chini ya ardhi na ni mwendo, nimeona vijana wanahema. Kwa goti la mama usifikirie mara mbili, ombeni wilichea. Ni haki yake na ni bure, kwa sheria za Uingereza na Ulaya msaada huo hautozwi hela, ila muombe mapema, angalau masaa 48 kabla ya safari, na ombi liingizwe na wakala kwenye tiketi yenyewe siyo kuja kuomba siku ile pale kaunta. Kuna aina tatu za msaada na mwambie wakala ipi: kuna ya mtu anayepanda ngazi mwenyewe ila hatembei mbali, kuna ya asiyeweza ngazi, na kuna ya asiyetembea kabisa. Mama yako ni ya katikati. Faida yake kubwa siyo goti peke yake, ni kwamba kuna mtu mwenye sare anampokea mlangoni kwa ndege, anampitisha uhamiaji, anamsaidia begi, anamkabidhi kwa dada yako. Hapo Kiingereza hakina kazi tena.

Jambo la mwisho kwa leo. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na zimejaa kabisa, wamewekewa kikomo cha safari 480,000 kwa mwaka na wanakaribia hapo, kwa hiyo ndege zikija nyingi kwa pamoja zinapangiwa foleni hewani, kuna sehemu nne kuzunguka London ambazo ndege inazunguka pale pale ikisubiri zamu. Mwambieni mama kabla hajaondoka. Mtu asiyejua akiona mji ule ule unapita dirishani tena na tena anaanza kusali sala za mwisho.

mama_Faraja_wa_Sakina:

Kaka hapo juu kaeleza vizuri sana London. Mimi nizungumzie huku kwetu maana wengi wanaogopa Heathrow wakati shida kwa mama wa hivi inakuja pale anapobadilisha ndege katikati. Heathrow ni mwisho wa safari, binti yake yuko mlangoni. Katikati hakuna mtu wake.

Mjomba wa Kitengela kaongea la maana mno msimpuuze. Mama mkwe wangu tulimpeleka hivyo hivyo. Unachukua vile vibasi vya Nairobi hapa Arusha au gari yenu wenyewe, Namanga ni kama kilomita 110 kutoka Arusha, pale mpaka wa siku hizi ni kituo kimoja, unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, siyo kama zamani unatembea na mabegi juani unafukuzana na wabadilisha hela. Ukivuka ni Kajiado, Kitengela, halafu Mlolongo, na uwanja wa Jomo Kenyatta unaufikia kabla hujaingia mjini Nairobi kwa hiyo foleni za katikati ya mji hazikuhusu. Kutoka Nairobi mpaka Heathrow ni ndege moja moja kwa moja, masaa kama tisa, anakaa anakula analala anaamshwa kafika. Hakuna kubadilisha.

Na la pili, pale Nairobi anaongea Kiswahili! Kuanzia askari wa getini mpaka wa kaunta mpaka dada wa ndani ya ndege. Mama akipotea Addis au Doha atauliza kwa lugha gani? Nairobi anamshika yeyote mwenye sare anamwambia mwanangu nisaidie, na atasaidiwa. Mama yangu mkwe alikaa na mhudumu Mkenya kule ndani ya ndege wakapiga story mpaka akajazwa ile fomu ya chakula anachotaka.

Mjue tu kwamba pale uwanjani magari yanakaguliwa mbele kabla ya kufika majengo, abiria wanashuka wanapita kwenye mashine kwa mguu halafu wanapanda tena gari. Mama awe amekaa upande rahisi kushuka, na mwelezeni askari kuhusu goti. Na msindikizaji haingii mpaka kwenye geti la ndege, kwa hiyo mkabidhini kwa mtu wa wilichea pale kaunta huku mnaona kwa macho yenu. Fikeni mapema, masaa manne kabla hata matano, Mombasa Road hawajawahi kuwa na adabu kwa mtu.

Mangi_Mstaafu:

Naheshimu mawazo ya mama Faraja ila napingana naye kidogo. Mama wa miaka 67 mwenye goti bovu, unamtoa Kibosho, unampitisha Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River, Arusha, Namanga, mpaka Kitengela, hiyo ni siku nzima amekunja miguu ndani ya gari. Halafu kesho yake unamkalisha tena masaa tisa. Atashuka London miguu imevimba kama mihogo. KIA iko nusu saa na kitu kutoka Moshi, unashuka njia panda unaingia ndani kilomita chache umefika, familia nzima inamuaga pale. Na ule uwanja ulijengwa kwa ajili yetu sisi watu wa huku, umefunguliwa 1971, tunaupita kila siku barabarani kwenda kupandia nchi ya watu!

Ethiopian kutoka KIA mpaka Addis ni masaa mawili na kitu. Addis saa yao ni sawa na yetu, mama habadilishi saa mkononi, na Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi kuanzia asubuhi. Mizigo ikiandikwa KIA anaikuta London, hagusi kitu Addis. Akiwa na wilichea anapokewa mlangoni anapelekwa mpaka geti la pili. Lugha haihitajiki, akionyesha tiketi inatosha, mimi nimeona vikongwe wa Kisomali wanapita pale kila siku hawajui hata herufi.

Ila tiketi iwe moja. Wakala asije akawauzia tiketi mbili za kampuni tofauti eti ni nafuu, maana hapo mizigo haivuki yenyewe, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili inaondoka na hakuna anayekuomba msamaha. Kwa kijana ni hasara, kwa mama ni kulala uwanja wa ugenini.

mama_Faraja_wa_Sakina:

Mangi shikamoo. La barabara nakubali linachosha, ndo maana nikasema alale kwa mjomba, tena hata siku mbili, siyo lazima aunganishe. Na kama hamtaki barabara basi ile njia ya tatu ya wakala, KIA kwenda Nairobi kwa ndege, ni kama saa moja tu angani, halafu Nairobi kwenda London, tiketi moja. Anabadilisha ndege ndio lakini anabadilishia mahali anapoongea. Mimi bado nasema hivyo, mtu anayejua kuuliza hapotei, na mtu anayesukumwa kwenye kiti bila kuelewa anapelekwa wapi presha inampanda hata kama anafika salama. Tumheshimu mama kama mtu mzima anayetaka kujua kinachoendelea.

Sista_Slough:

Shikamooni wote. Mimi natokea Machame ila naishi Slough, pua na mdomo na Heathrow, ndege zinapita juu ya paa letu, na kazi yangu ni uuguzi kwa hiyo niongezee ambayo hayajasemwa.

Kwanza homa ya manjano. Kenya na Ethiopia zote ziko kwenye orodha ya nchi zenye huo ugonjwa, na Tanzania inadai kadi ya njano kwa anayetoka nchi hizo, hata aliyepita tu uwanjani kama kakaa zaidi ya masaa 12. Kwa hiyo mama wakati wa kurudi akilala Kitengela kisha akaja Namanga wataiulizia. Chanjo inatakiwa iwe imechomwa siku 10 kabla ndo kadi inahesabika, na ikishachomwa inadumu maisha. LAKINI mama ana 67. Kwa watu waliozidi 60 wanaochanjwa mara ya kwanza hii chanjo ina hatari zaidi kidogo kuliko kwa vijana, kwa hiyo asiende tu kuchomwa kwa sababu ya karatasi, amwone daktari kwanza amwangalie afya yake. Daktari akiona haimfai anaandika cheti cha kusamehewa kwa sababu za kiafya, kinakaa ndani ya ile ile kadi. Tafadhali hili msilifanye dakika ya mwisho.

Dawa zake zote, za presha kama anazo na za goti, ziwe begi la mkononi ndani ya maboksi yake yenye jina lake pamoja na karatasi ya daktari. Ndani ya ndege anywe maji na anyanyuke mara kwa mara atembee kwenye ujia, hapo Mangi kasema kweli kuhusu miguu, damu ikikaa sehemu moja muda mrefu inaganda. Na mkateni bima ya safari. Mgeni wa kutembelea hatibiwi bure hospitali za huku, wa dharura wanampokea pale mapokezi ila akilazwa bili inakuja, na ni kubwa.

Pili uhamiaji. Pasipoti yetu haipiti kwenye yale mageti ya mashine, anaenda kwa ofisa. Anaulizwa vitu vya kawaida, umekuja kwa nani, utakaa siku ngapi, unarudi lini. Wana wakalimani wa simu, hata hivyo mpeni karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza na kusainiwa na dada, ina jina la mama, jina la dada na anuani na namba zake mbili za simu, tarehe ya kurudi, na kwamba anakuja kumwona binti yake na mjukuu. Iambatane na kopi ya kitambulisho cha dada na tiketi ya kurudi. Asifiche kitu. Watu huwa wanawatisha wazazi eti usiseme kuna mtoto. Ukweli ni kwamba mgeni haruhusiwi kuajiriwa, ila bibi kuja kuwa na mwanae na kumshika mjukuu kwa muda wa matembezi hiyo siyo ajira, sheria yenyewe inaelewa hivyo. Kinacholeta matatizo ni mama kusema hili na barua kusema lile.

binti_wa_Kibosho:

Jamani Mungu awabariki, nimemsomea mama yote haya kwa sauti jioni, hapo kwenye ndege kuzunguka alicheka kwanza akasema vizuri nimejua. Kadi ya njano tulikuwa hatuna hata habari nayo, kesho nampeleka hospitali ya KCMC.

Kuna suala lingine lazima niulize maana begi keshaanza kulipanga. Anataka kubeba ndizi mshare za mtori wa mzazi, maana dada kasema ndizi za kule siyo zenyewe, na nyama ya kukausha, na samli, maparachichi ya pale nyumbani, dagaa, asali na kahawa. Tunamwambia atanyang'anywa anasema mtoto wa Kichaga hawezi kujifungua bila mtori na yeye kwenda mikono mitupu haendi. Vipi hapo?

Sista_Slough:

Mama yuko sahihi kabisa, mzazi bila mtori haiwezekani hahaa. Na habari njema ni kwamba NDIZI ZINARUHUSIWA. Uingereza matunda mengi mabichi kutoka nje ya Ulaya yanataka cheti cha afya ya mimea, lakini kuna machache yamesamehewa, ndizi, nanasi, nazi, tende na yale madoriani. Kwa hiyo mshare zake abebe, mbichi, amefungia magazeti kila chana peke yake, zinafika. Mimi mwenyewe nikiletewa nazipokea hapo hapo mlangoni kwa mikono miwili.

Nyama hapana, ya aina yoyote, mbichi, kavu, ya kukaanga, hata mishikaki iliyobaki. Maziwa na vyote vinavyotokana nayo hapana, kwa hiyo samli na mtindi abaki navyo Kibosho. Haya mawili hayana mjadala, wanayachukua na kuyatupa. Nyama ya mtori dada atanunua hapa, ya ng'ombe ya mifupa ipo bucha nyingi za waislamu na wanakukatia unavyotaka. Viazi mviringo navyo vimekatazwa. Maparachichi na maembe bila cheti hapana, na mboga za majani mbichi kama mnafu hapana pia, inauma najua. Dagaa na samaki wakavu sawa, wanaruhusu mpaka kilo 20 kwa samaki, asali sawa isizidi kilo mbili, kahawa haina shida.

Asali lakini isiwe begi la mkononi! Inahesabika kama kimiminika. Iende kwenye begi kubwa, imefungwa na mifuko kama mitatu.

Akishachukua begi atakuta njia ya kijani na ya nyekundu. Kama kafuata haya anapita kijani. Yule wa wilichea atampitisha tu.

KakaNjiro:

Naona mambo yanaenda vizuri. Binti, niambie mmeamua ipi kati ya hizo ili tumalizie upande wa kumpokea.

binti_wa_Kibosho:

Kaka tumekaa kikao na mama mwenyewe ndo kaamua. Kachagua Nairobi kwa barabara, kasema anataka kulala kwa mdogo wake Kitengela siku mbili, hawajaonana tangu msiba wa babu, na kasema hataki kushuka nchi ya katikati asiyoijua. Mangi samahani, KIA tutaitumia wakati mwingine. Gari ni ya kaka yetu, tunamweka kiti cha mbele tunasimama Arusha na Longido anyooshe mguu. Nairobi tumepata ya Kenya Airways kwa hiyo jengo ni namba 4, wilichea wakala kaiingiza leo na kanionyesha kwenye tiketi, ile ya asiyeweza ngazi.

Bado simu. Simu yake ni ya tochi. Tumnunulie smatifoni au?

Mangi_Mstaafu:

Samahani ya nini binti, mama kuonana na mdogo wake ni sababu nzito kuliko zangu zote. Safari njema sana. Simu kubwa msimnunulie sasa hivi, kujifunza kitu kipya wiki ya safari kunachanganya, hiyo hiyo ya tochi inatosha.

KakaNjiro:

Nakubaliana na Mangi. Hiyo ya tochi muiwekee roming kabla hajatoka Tanzania, muulizeni mtandao wake, halafu namba ya dada muiandike ikianza na +44 ya Uingereza na muiweke kwenye kitufe cha kupiga haraka, anabonyeza namba 2 anampata dada. Mfanye mazoezi hapo nyumbani. Akifika mlangoni na mtu wa wilichea yupo, hata akimpa simu yule mtumishi aongee na dada inatosha. Na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye karatasi mbili, moja kwenye pochi na moja ndani ya pasipoti, maana chaji huwa inaisha.

Saa nazo mwelezeni. Tiketi imeandikwa kwa masaa 24, yeye anasoma saa za kwetu, kwa hiyo pembeni ya kila saa mwandikieni kwa kalamu kwa Kiswahili, 23:55 ni saa tano na dakika hamsini na tano usiku. London iko nyuma yetu masaa mawili majira yao ya joto na matatu majira ya baridi, kwa hiyo saa ya kutua iliyoandikwa ni ya kwao, asije akapiga hesabu akadhani ndege imechelewa au imewahi.

Kwa dada sasa. Jengo la 4 linafikika hata bila gari, lina treni za aina mbili, ile ya laini ya Piccadilly na ile ya Elizabeth iliyofunguliwa 2022. Akienda na Piccadilly asome mbele ya treni, siyo zote zinapita namba 4, nyingine zinaenda namba 5. Kama anakuja na gari, na nadhani aje nalo kwa sababu ya goti na zile ndizi, kile kibaraza cha kushusha watu mbele ya mlango ni cha kushusha tu na kinatozwa, kupokea mgeni anapaki kwenye maegesho ya muda mfupi halafu anaingia ndani kwa mguu. Na kama tumbo limeshakuwa kubwa sana amtume mume wake, ila mama awe ameona sura yake kwenye picha na ashike kibao kimeandikwa jina la mama kwa herufi kubwa.

Asubiri pale wanapotokea, chini, asihangaike kuzunguka. Kutoka ndege kugusa chini mpaka mama kutokeza inaweza kuwa saa moja au zaidi, watu wa wilichea huwa wanasubirishana ili wawachukue wawili watatu pamoja, kwa hiyo dada akiona abiria wengine wa Nairobi wameisha na mama hajatokea asishtuke, aende kwenye kaunta ya msaada hapo hapo awaambie jina na namba ya ndege, wanawasiliana na waliompokea.

Na koti. Mama avae koti zito kuanzia Nairobi, asiliweke kwenye begi kubwa.

binti_wa_Kibosho:

Koti la dada la zamani lipo, tumelianika leo. Nitawaambia akishafika.